Kanzu ya Papa Saidi

Jumatano jioni, porini, kando ya reli ya Ubundu

Na bado mama mkwe alikataa kuvua kile kitenge kilicholowa! Mvua ilitukuta mchana, siku ya tatu tangu tukimbie mabomu ya Kisangani. Moto hatuthubutu kuwasha, wanajeshi wataona moshi. Mama mkwe alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nilimsihi, kisha nikamfokea. Najuta.

“Nitavaa nini? Wanaume wako hapa,” alisema.

Papa Saidi, fundi cherehani jirani yetu wa mjini, alisikia. Akafungua mufuko wake wa plastiki, akatoa kanzu yake ya Ijumaa, kavu kabisa.

“Mama, vaa hii. Mimi nitasali na hii suruali, Mungu ataelewa.”

Nikashika kitenge changu kama pazia, mama mkwe akabadilisha nguo. Papa Saidi akatukatia majani mapana, akayakung'uta maji na kuyapanga mengi chini. Alisema baridi mbaya inapanda toka kwenye udongo.

Mama mkwe, kiongozi wa rozari parokiani, akajitazama ndani ya kanzu. “Bon, padri asinione,” akasema, na tukacheka wote.

Sasa amelala, miguu yake iko mapajani mwangu, inaanza kupata joto. Mume wangu, mwanawe, alibaki mjini kulinda nyumba. Naogopa sana.

Kabla ya kusinzia mama mkwe aliniuliza, “Mutoto wangu iko na blanketi kule?”

Nikasema ndiyo. Blanketi zote mbili za nyumbani nilizibeba mimi. Ziko hapa, zimelowa.