Kiti cha Mbele Ambacho Hakuna Anayeruhusiwa Kukikalia

Mpendwa Bi. Nyangate,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nauza vitambaa na mashuka hapa Kisii mjini, mume wangu Jaffer anafanya biashara ya sanamu za mawe kutoka Tabaka, tuna watoto watatu, na shida yangu ukiisikia juu juu utacheka kwa sababu inahusu viegemeo vya kichwa kwenye gari, vile vya umeme vinavyopanda na kushuka ukibonyeza swichi ya kiti, lakini nakusihi usome mpaka mwisho.

Gari letu ni la zamani, tulilinunua miaka miwili iliyopita kwa akiba ya duka langu, na aliyetuletea kutoka Mombasa ni kaka yangu Abdirahman. Viti vyake ni vya ngozi, vinapendeza, ila kiegemeo cha dereva hupanda nusu kikakwama, na cha abiria tangu siku ya kwanza hakijawahi kusonga, kimekaa chini usawa wa mabega yangu, na Abdirahman alipoulizwa akasema hayo ni mapambo tu, gari ni injini.

Mwaka jana tukitoka Keumbu, pikapu moja ilitugonga kwa nyuma kwenye matuta, pole pole tu, hata bampa halikupasuka, lakini kichwa changu kilirudi nyuma kikakosa pa kuegemea, nikaugua shingo wiki tatu. Nikamwambia Jaffer atengeneze hicho kiegemeo, akasema sawa. Baada ya siku chache akaniambia, "Mama Istarlin, kuanzia leo kaa nyuma na watoto." Nikamuuliza kwa nini, akasema nyuma kuna nafasi.

Bi. Nyangate, mimi ni mke wake wa ndoa, na tangu siku hiyo sijakaa mbele. Hata mwalimu Orpah, jirani yetu, siku gari lake likiharibika akapewa lifti hukaa nyuma, na begi la Jaffer ndilo linalokaa mbele kama mgeni rasmi. Nikikumbusha habari ya kutengeneza ananiambia gari ni zee, spea hazipatikani, na mimi nikapiga simu kwa muuza spea wa Nairobi akaniambia zipo, nilete namba ya gari tu. Kwa hiyo nikajua ananidanganya, na mtu akikudanganya kwa kitu kidogo hivyo unaanza kujiuliza kikubwa kiko wapi. Kiegemeo kile kimeshuka kabisa, kinamfaa mwanamke mfupi, na mimi ni mrefu. Nilianza kupekua kiti kutafuta nywele, kunusa mkanda, kumuuliza alikuwa na nani, na yeye ananitazama tu na kunijibu, "Hakuna mtu."

Mwezi uliopita alienda Tabaka siku tatu na pikapu ya mwenzake, gari likabaki. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikalipeleka Suneka kwa fundi anayeitwa Onyiego, nikachagua huko kwa sababu nilidhani hatujulikani. Kabla sijamaliza kueleza, yule fundi akalizunguka gari akasema, "Mama, hii gari mimi naijua. Ni ya mzee Jaffer."

Nikamwambia afungue kiti. Akakataa. Nikamwambia gari nililinunua mimi, kadi ina jina langu. Ndipo akafungua mgongo wa kile kiti, akanionyesha. Nyaya za kiegemeo zimekatwa, mota yenyewe haipo. Chuma cha ndani kimepinda kikachomelewa. Mkanda akauvuta kwa nguvu, haukushika. "Hii kiti imetoka kwa gari ingine," akasema, "na hiyo gari iligongwa vibaya. Mwaka jana nilionyesha mzee haya yote. Akaniambia nifunge, nisiambie mtu, na zaidi wewe."

"Kwa nini zaidi mimi?"

"Hilo uliza yeye."

Sijamuuliza. Nimenyamaza majuma matatu na moyo unaniwaka, kwa sababu sasa naona jambo jingine. Jaffer na Abdirahman, ambao walikuwa kama ndugu, tangu mwaka jana hawaongei zaidi ya salamu, na siku ya Idd Jaffer alikataa kula kwa Abdirahman akisema tumbo linamsumbua. Nawaza kwamba walishirikiana kuninunulia gari bovu kwa jasho langu, kisha wakagombana. Ningemwendea kaka yangu, lakini anaishi na mama yetu, ambaye tangu apooze upande mmoja Abdirahman ndiye anayemlisha, kumgeuza na kumwogesha, na mimi kwa sababu ya duka naenda kwao Jumapili tu. Nikimwambia mama, naogopa hali yake itazidi kuwa mbaya. Nikitengeneza kiegemeo, Jaffer atajua nilimwendea fundi kisiri. Na Jumatatu anampeleka binti yetu Istarlin shuleni Nyamira, nyuma kutajaa godoro, sanduku na wadogo zake, na mtoto ameshasema yeye atakaa mbele. Je, nitengeneze, niuze, au niondoke?

Mwenye Mashaka, Kisii.

JIBU

Dada yangu, pole kwa shingo na pole kwa moyo. Sasa nisikilize, kwa sababu umetumia mwaka mzima kunusa mkanda badala ya kuuvuta.

Mume anayemficha mwanamke humkalisha kwenye kiti kizuri. Wako ameweka begi kwenye kiti kibovu, akakataza mke, akakataza jirani. Wewe mwenyewe umeniandikia hayo yote kwa mkono wako, na bado hukuyasoma. Aliona kile Onyiego alichokuonyesha, na wiki hiyo hiyo akakuhamisha. Na aliyekataa kula kwake ni nani? Aliyelileta gari. Mimi simjui Jaffer na sikuapii, lakini hivi sivyo wanavyofanya watu wawili walioshirikiana wizi.

Usidhani namtetea. Amekosa, tena sana. Alijua chuma kimepinda akaendelea kuwapakia watoto katika gari ambalo hajui kingine kilichochomelewa ni kipi. Akakuona ukiteseka kwa wivu, akaona ni nafuu kuliko kukuambia habari za kaka yako. Huo si ulinzi kamili.

Kuhusu kiegemeo, usitengeneze. Kutia mota mpya kwenye kiti hicho ni kupaka rangi nyumba yenye ufa. Kiti kitolewe chote pamoja na mkanda wake, na gari lote likaguliwe na fundi ambaye si wa Jaffer wala wa Abdirahman, chini na juu. Likipona, nunua kiti kizima. Lisipopona, usimuuzie mama mwingine kimya kimya kama ulivyouziwa. Istarlin asikalie kile kiti, hata kama itabidi godoro liende kwa gari lingine.

Na leo, si kesho, mwambie Jaffer ulikwenda Suneka. Anza na kosa lako la kwenda kisiri, ndipo uulize lake. Uliza swali moja na umwache amalize kujibu.

Kwa sababu ya safari ya Jumatatu nilimtumia dada huyu jibu hili kwa simu kabla ya kulichapisha, naye ameniruhusu niongeze alichoniandikia Jumamosi. Alimuuliza Jaffer baada ya chai ya asubuhi. Jaffer akasema, "Mwaka mzima nilingoja uniulize kiti kina nini. Wewe ukawa unaniuliza juu ya wanawake." Akamweleza kwamba wiki ile alipoonyeshwa na fundi ndiyo mama mkwe alipopooza, na Abdirahman ndiye aliyekuwa hospitalini usiku na mchana. "Ningekuambia nini? Na mpaka leo sijui kama shemeji alijua au naye aliuziwa." Mchana huo walikitoa kile kiti wao wenyewe. Istarlin anakwenda shule kwa gari la mwalimu Orpah.

Nimefurahi, dada, lakini bado hujamaliza. Amebaki Abdirahman. Nendeni wawili, wewe na Jaffer, mkamwite nje, mbali na kitanda cha mama, mumuulize alilipata wapi gari na aliyemuuzia ni nani. Kumwogesha mama ni jambo kubwa, na mshukuruni kwa hilo kwanza. Kisha ajibu.

Na Jumapili ijayo uende mapema, umwogeshe mama wewe.