Viatu vya Mzee Patrobas na Kapeti la Mama Nakhumicha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Haidari Zubair
Umri: Miaka 58
Kazi: Mwenye duka
Makazi: Baba Dogo, Nairobi, ploti ile ile yenye duka
Elimu: Darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia mandazi.

Mimi niliyetajwa hapo juu natangaza mbele ya afande, mbele ya bendera ndogo iliyo mezani na mbele ya wote waliokaa kwenye benchi, kwamba mnamo Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, hapa Baba Dogo, mwanaume mzima mwenye akili timamu aliombwa avue viatu.

Aliyeomba ni jirani yangu Triza, ambaye sote tunamwita Mama Nakhumicha kwa jina la bintiye. Mlango wake na dirisha la duka langu vinatazama baraza moja. Aliyeombwa ni Mzee Patrobas Kweyu, mgeni kutoka magharibi. Alikuja na wenzake wanne kuzungumza mahari ya huyo Nakhumicha, ambaye anataka kuolewa na mtoto wa marehemu ndugu ya Mzee huyo, kijana anayeitwa Phares. Mzee Patrobas ndiye msemaji wao. Naliandikisha hili mapema kwa sababu msemaji akikasirika, harusi inakasirika naye.

Kwenye baraza hiyo hiyo, kila Jumapili, Mbithi hutandika turubai lake na kupanga viatu vya mitumba. Siku nyingine yuko Gikomba. Jumapili hii alikuwa amefungua bale jipya, yaani robota la viatu, asubuhi, na mtu akifungua bale jipya huwa hajui vizuri alichonacho mpaka jioni. Mnamo saa saba akanipigia kelele dirishani: "Mzee Haidari, niangalizie hapa, naenda kutupia tumbo kitu." Akaenda zake kula githeri kwa kibanda.

Nikamwangalizia. Lakini dirisha langu lina waya na linaanzia kifuani. Mteja namjua kwa uso na kwa sauti. Miguu yake siijui.

Wageni walifika muda mfupi baadaye. Nikasikia Mama Nakhumicha akisema kwa sauti ya sukari, "Karibuni, karibuni sana wazee wangu. Viatu tu tuviache hapa nje."

Wanne wakaanza kuinama. Mzee Patrobas hakuinama.

"Mama," akasema, "mimi nimeingia ofisi ya chifu na viatu. Nimeingia kanisani na viatu, mbele ya Mungu mwenyewe."

"Kanisani hakuna kapeti, Mzee."

"Kwetu mkwe na mama mkwe hata mikono hawapeani. Leo nikuonyeshe vidole?"

"Vidole sitaviangalia. Nitaangalia chai."

"Na hii saruji baridi ya Agosti? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo upate homa."

Hapo wenzake wakacheka, naye akapata nguvu. Akasema mgeni ni mtu mzima pamoja na viatu vyake, na mwenye kutaka nusu ya mtu angetuma barua. Mama Nakhumicha hakurudi nyuma hata inchi. Alisimama mlangoni na tabasamu lake, mikono miwili kwenye fremu. Naandikisha hili pia: nimeingia nyumba hiyo miaka mingi na viatu vyangu vya dukani, na vumbi la unga juu yake, na hajawahi kuniambia neno.

Wakaniita niamue. "Wewe Mzee Haidari, mtu wa msikiti, waambie!" akasema Mama Nakhumicha. Ni kweli sisi tumezaliwa tukivua. Kuvua viatu msikitini kunakufundisha mambo mawili, kumnyenyekea Mwenyezi Mungu na kukumbuka ulipoviacha. Nikasema kupitia waya: "Mila ni mbili, lakini mlango ni mmoja, na mwenye mlango ndiye huyo." Mzee Patrobas akaniambia sisi wa pwani tuna maneno mengi na miguu laini. Sikujibu, kwa sababu la miguu ni kweli.

Mwisho Nakhumicha mwenyewe akatokea nyuma ya mama yake, amevaa leso, macho chini. Akasema pole pole, "Baba, nakuomba." Mzee akamwangalia. Kisha akainama, akafungua kamba, akaviweka viatu vyake ukingoni mwa baraza, mahali palipoonekana pasafi. Palikuwa pasafi kwa sababu palikuwa karibu na turubai la Mbithi, naye hufagia.

Mlango ukafungwa. Mimi nikarudi kupimia mtu mafuta ya kupikia.

Mbithi aliporudi kutoka kula, nilimsikia akigombana na hewa. "Hawa watu wa kujaribu jaribu! Wanavaa, wanaacha huko, hawarudishi kwa turubai. Ona sasa!" Akakusanya viatu vyote vilivyokuwa nje ya turubai na kuvipanga. Halafu akaja dirishani, ameinua kiatu kimoja cheusi cha ngozi, akakipangusa na kitambaa mbele ya macho yangu.

"Mzee Haidari, cheki! Bale imetema kamera!"

Kamera, afande, ni kile kiatu bora kuliko vyote kwenye mzigo, kinachoonekana kama hakijawahi kuvaliwa. Nikakitazama, nikasema, "Mashallah, hiki kimetunzwa." Naomba maneno hayo yaandikwe kama nilivyoyasema, hata kama hayanisaidii. Katika mabishano yote yale ya viatu, hakuna aliyekuwa ameviangalia viatu. Sote tuliangalia uso wa Mzee.

Wakati huo Phares alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda kando ya duka. Alitoka kiwandani baada ya zamu ya asubuhi, akafika wazee wakiwa ndani tayari. Mahari ikizungumzwa, bwana harusi hana kiti ndani, kwa hivyo alikuwa anakunywa soda na kutingisha goti. Kila kicheko kikitoka ndani anainuka, kikiisha anakaa.

"Mzee Haidari, unadhani watanipea?"

"Ukiendelea kutingisha kreti yangu hivyo, hata soda hutapewa."

Akaona kile kiatu mkononi mwa Mbithi. "Hizo ni namba gani?"

"Namba tisa, mkubwa wangu. Na za mzee mwenye heshima, si za kuendea disko."

"Baba mkubwa anavaa tisa," Phares akasema. "Ndiye ananiongelea huko ndani. Tangu baba afe ni yeye tu. Nataka akitoka nimpatie kitu."

Wakapatana bei. Mbithi akamwekea kwenye mfuko, na Phares akaenda kwa fundi wa viatu kule barabarani avipige rangi ving'are zaidi. Mimi niliona jambo lile ni zuri. Nikamwongezea peremende mbili bure.

Hazikupita dakika nyingi simu ya Mzee Patrobas ikalia, naye akatoka nje kuipokea. Akatazama ukingoni mwa baraza. Akatazama tena.

"Viatu vyangu!"

Nilisikia kishindo ndani, watu wote wakiinuka pamoja, kisha kitu kikianguka. Mzee alilia viatu, naye Mama Nakhumicha, kabla hata hajauliza kuna nini, alilia, "Kapeti!"

Wakamwagika nje. Mmoja alikuta raba zake ziko upande wa turubai ambapo Mbithi hurundika fagia, yaani zile za mwisho ambazo huuzwa kwa fungu. Nadhani hilo lilimuuma kuliko angeibiwa. Hapo Mbithi akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemeza sarafu.

"Wazee, mimi nimeuza, sijaiba!"

"Umeuza miguu yangu?" akauliza Mzee Patrobas.

"Sikujua ni za watu! Mzigo ni mpya! Mtu anaacha aje viatu karibu na duka la viatu?"

"Niliambiwa niviache!" Akamgeukia Mama Nakhumicha. Hakupiga kelele sasa, na hapo ndipo niliogopa. "Mama, mimi nilisema. Mazungumzo yamesimama. Mtu hawezi kuahidi ng'ombe akiwa pekupeku. Nitarudi kwetu, na nikirudi kwetu sitatumwa tena."

Mama Nakhumicha akampa patipati zake za rangi ya waridi, kwa sababu ndizo zilizokuwapo. Mzee akazivaa. Visigino vilibaki nje, juu ya saruji. Hakuna aliyecheka, na ilikuwa kazi ngumu. Wenzake Mzee wakamshika Mbithi, wakaanza safari ya kituoni.

Nilikuwa nafunga duka niwafuate huku kituoni Nakhumicha alipokuja dirishani. Alikuwa ameshika waya kwa vidole. Akasema, "Mzee Haidari, tafadhali. Wakipanda basi leo hawatarudi." Nikamwambia nitasema nilichokiona. Hilo ndilo lililonileta, afande. Mbithi si mwizi. Angekuwa mwizi asingenionyesha kiatu.

Kwamba aliyenunua ni Phares, nililisema njiani mara mbili. Mara ya kwanza Mzee Patrobas aliniambia ninyamaze. Mara ya pili aliniambia watu wa pwani tuna maneno mengi.

Tulifika kituoni mnamo saa kumi kasorobo. Tukiwa kwenye benchi, Mbithi upande huu, Mzee na patipati upande ule, Phares akaingia mbio na mfuko mkononi. Ulikuwepo, afande, lakini umesema niandikishe hata ulichokiona, kwa sababu faili ukishalifungua hulifungi kwa kicheko.

"Baba, pole," Phares akasema, akihema. "Nimesikia umeibiwa. Lakini usijali. Mimi nilikuwa nimeshakununulia vingine."

Akavitoa. Vilikuwa vinang'aa mpaka taa ya kituo ilionekana ndani yake. Mzee Patrobas alichukua kimoja, akakipindua. Chini kisigino kilikuwa kimeshonewa kipande cha tairi.

"Hivi ni vyangu."

"Ndiyo, Baba. Ni zawadi."

"Phares. Nasema hivi ni vyangu."

"Ndiyo, Baba, nimekununulia wewe, si mtu mwingine!"

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na pengine machozi yalikuwepo. Kisha kicheko kikatoka, na mahabusu kule ndani wakacheka pia bila kujua ni nini. Mzee akasema, "Marehemu ndugu yangu aliacha mtoto mwenye moyo. Macho hakumwachia." Akamwambia Mbithi arudishe pesa za kijana, na Mbithi akazirudisha mbio kabla hajaombwa mara ya pili. Kisha Mzee akasema mazungumzo yanaendelea leo leo.

Nikamuuliza, "Na mlangoni, Mzee?"

"Nitavua," akasema. "Lakini nitaingia navyo mkononi."

Sasa afande umeniuliza swali la mwisho: kwa nini Mama Nakhumicha, ambaye nimesema mwenyewe hajawahi kumvua mtu viatu, aliamua kuanza leo, tena na wakwe? Naomba jibu langu lisisomwe kwa sauti mbele ya wageni. Kapeti lile si lake. Ni letu. Ijumaa alikuja kwa mke wangu Khawla, akasema sakafu yake ni saruji tupu na wakwe wanakuja, na hataki binti yake aonekane ametoka kwenye saruji tupu. Khawla akamkunjia kapeti la sebuleni, akampa kwa sharti moja, kwamba lisikanyagwe na kiatu. Mama huyo angeweza kuwaambia wageni ni la kuazima, na yangeisha kwa dakika moja. Alichagua kubishana. Mimi nililijua tangu mwanzo kapeti lilipotandikwa. Nimelisema mwisho kwa sababu ndipo nilipoulizwa.

Ninayoyajua yanaishia hapa, na haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nimeyaelewa, na pale palipoandikwa "mshukiwa alitabasamu" nimeomba pasahihishwe: Mbithi meno yake yako hivyo.

Sahihi ya shahidi: H. Zubair

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Ndindi, na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mbithi ameachiliwa, na ameshauriwa achore mstari kwenye baraza. Kwa ombi la pande zote nimewasindikiza hadi nyumbani ili kuhakikisha amani. Nilivua viatu. Mazungumzo yameendelea na wameafikiana. Kapeti nimelikagua: lina doa la chai lenye ukubwa wa sinia. Alama ya kiatu hakuna.