Filamu ya Kutazamwa na Mkwe

Mama yangu, mama wa mke wangu,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko. Hapa kwetu Bondeni wote wazima. Salim, yule uliyempokea kwa mikono yako mwenyewe, sasa yuko darasa la kwanza na ameshang'oka meno mawili ya mbele. Nakuandikia kwa sababu juzi mwanao Zuhura ameniambia jambo ulilomkataza kuniambia, na tangu hapo nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wananitazama. Nimefarijika, Mama, na sina wa kumpa habari ya faraja hii isipokuwa wewe.

Nianzie mbali kidogo, maana nataka ujue mambo yalivyokuwa upande wangu.

Nilipofungua duka la kukodisha kanda za video, hukunigombeza. Hukuwa mtu wa makelele. Ulinyamaza tu, na kimya chako kikatoka kwako Kuze kikanifuata mpaka Bondeni. Ulikuwa ukipita mbele ya duka kwenda kwa dada yako na uso umeugeuzia ng'ambo ya pili, ungedhani kuna maandishi mapya ukutani. Kisha Zuhura akaja kwako kujifungua, kama ilivyo desturi, na Salim alipotimiza siku saba ukaniita. Ulisema nami kwa upole, uso umeufunika nusu kwa leso. Ulisema hujui kilichomo ndani ya kanda zile, ila umesikia ni uchi na bastola, na kwamba arubaini ya uzazi ikiisha hutamtoa mwanao kwenda kulishwa pato la namna hiyo. Angekaa kwako, yeye na wanawe wawili, mpaka mimi nipate kazi ya kueleweka.

Kazi nyingine sikuwa nayo. Bandarini walikuwa wameshanipunguza. Nikakuomba kitu kimoja tu, utazame kanda moja kisha uhukumu. Ukasema, "Moja. Na wana wawepo. Nawe uwepo."

Hapo ndipo uliponimaliza. Filamu ya kutazama na marafiki, mtu yeyote aweza kuichagua. Filamu ya kutazama chumba kimoja na mama mkwe ni shughuli nyingine. Wateja wangu mpaka leo wakitaka kitu cha familia hawaniulizi kama kina watoto ndani yake au wanyama. Wananiuliza kama yatazamika na wakwe. Nikisema ndiyo, wanaichukua hata bila kuangalia picha ya juu ya boksi.

Nilipekua rafu nzima. Za mapenzi hazikufaa, za ngumi zilikuwa na damu mno, za kuchekesha zilijaa matusi. Zikabaki za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka angani na nguo zao za kubana. Nguo zenyewe zilinitia wasiwasi, maana suruali zile hazifichi kitu, lakini nikajipa moyo kwamba lile joho la mgongoni linasitiri upande mmoja. Hata hizo nyingi nilizirudisha rafuni. Shujaa asiyeshindwa na lolote anachosha. Binti yangu Amina, kabla hajaja kwako na mamake, alikuwa akilala kabla adui hajafika. Mwingine alipiga watu kwa raha zake, nami sikutaka wajukuu wako waone kwamba hiyo ndiyo kazi ya nguvu. Adui naye ana kipimo chake. Atishe kiasi cha mtoto kumsogelea mamake, asitishe kiasi cha mtoto kukojoa kitandani.

Niliyoipata mwisho ilikuwa ya kijana anayeuza viatu dukani mchana, na mji ukipatwa na balaa anaruka kwenda kuuokoa. Anaishi na mamake, na mamake hajui. Kila akitoka kupigana anachelewa chakula, na kila akifika mlangoni inambidi abuni uongo. Nilipoliona hilo nikasema, hii hii. Ila palikuwa na mahali pamoja. Juu ya paa la jumba refu, msichana aliyeokolewa anamkaribia kijana, na wanabusiana. Si kwa muda mrefu. Lakini nilijifikiria nimeketi chumbani mwako wakati huo, nikaona heri nirudi kubeba magunia.

Basi nikaamua kulifuta lile busu. Nikaziba kwa karatasi ya gundi kile kitundu kinachozuia kanda isirekodiwe tena, nikaipeleka mpaka pale paani, nikaanza kurekodi juu yake chochote kilichokuwa kwenye televisheni. Nilihitaji dakika moja. Muadhini akaadhini magharibi. Miguu ikanitoa yenyewe kama kila siku. Nikaswali, nikatoka, nikamkuta muuza kahawa na watu wanabishana juu ya mpira, nikanywa vikombe viwili na kutia maneno yangu mawili matatu. Nilipokumbuka nilirudi mbio na viatu mkononi. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Nikaizima, nikairudisha kanda nyuma ili nione hasara, na hapo hapo umeme ukakatika. Haukurudi mtaani kwetu mpaka kesho yake, wakati mimi nilishapakia televisheni na mashine kwenye mkokoteni na niko njiani kuja kwako. Na nilipofika, wewe ulikuwa umeshaketi.

Wakumbuka tulivyokaa. Wewe kitandani na Zuhura ubavuni, mtoto kifuani mwake. Amina na binamu zake wawili mkekani. Mimi nyuma yenu mlangoni, kwa heshima, nikiwatafsiria Kiingereza. Nilichokiona kwako ni leso tu kwa nyuma. Sikuweza kujua kama umenuna au watabasamu, na arubaini ilikuwa imebakisha siku nne. Watoto walicheka. Kijana alipomdanganya mamake mara ya tatu, nikakusikia ukisema, "Nguvu zote hizo, na mamake hajui ashinda wapi." Sikujua kama walaumu au wasifu.

Kisha tukafika paani. Msichana akasogea. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nikaona ng'ombe.

Kilikuwa kipindi cha wakulima. Bwana mmoja mwenye mabuti alikuwa anaeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka, namna ya kuogesha mifugo dawa ya kupe. Nikangoja dakika yangu ipite. Ikapita, na ya pili ikapita, na ya tano. Ng'ombe waliingia majini upande huu na kutoka upande ule, mmoja baada ya mwingine. Amina akauliza kama shujaa amegeuka ng'ombe. Zuhura akaziba mdomo kwa leso. Mimi ningepata shimo ningeingia. Wewe uliwatazama kupe mpaka mwisho, kwa makini, na kwa mara ya kwanza alasiri ile hukuhitaji mkalimani.

Filamu iliporudi, kijana alikuwa ameketi jikoni kwao bila barakoa, na mamake anashona joho lililochanika. Katikati pale adui alikuwa amemshinda, akaanguka, akajikokota mpaka nyumbani, akamweleza mamake kila kitu. Hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya niichague filamu ile, na nilikuwa nimeizika chini ya ng'ombe kwa ajili ya vikombe viwili vya kahawa. Watoto wakaanza kuuliza kumetokea nini. Mimi nikainamia nyaya kwa haya.

Ukawaeleza wewe. Hukugeuka hata kidogo. "Ashamwambia mamake," ulisema. "Tazameni ashonavyo, hamwangalii usoni. Amekasirika, lakini ashamsamehe." Ukawaambia pia kwamba bila shaka amepigwa huko nje, na ndipo akakumbuka kwao. Watoto wakatulia. Hukupata kuiona ile sehemu, Mama, na hapakuwa na kitu kilichokupita.

Kijana akatoka kupambana mara ya pili, safari hii mamake amesimama mlangoni na amemwambia arudi mapema. Binamu zake Amina walikuwa wima juu ya mkeka. Alipomshinda adui na kurudi kula chakula kingali moto, ulishusha pumzi, nami mlangoni nikashusha yangu. Nilianza kufungasha nyaya bila kukutazama. Ukasema, "Arubaini ikisha, njoo umchukue mkeo." Nikapakia vitu mkokotenini haraka, kabla hujaghairi.

Tangu siku ile nachagua filamu za mashujaa kwa kipimo chako. Kabla ya kutazama kama anaruka vizuri, natazama kama ana mtu nyumbani wa kumwuliza ulikuwa wapi. Akiwa naye, familia nzima itakaa mpaka mwisho, bibi na mjukuu. Asipokuwa naye, watabaki vijana peke yao.

Lakini kulikuwa na jambo likinikera moyoni, na sikumwambia mtu. Kila Ijumaa nilipokula kwako niliona nimekuibia hukumu. Ulikubali kazi yangu kwa kuwa hukuona nilichokificha. Mke wangu amerudi, duka langu limesimama, na chini ya yote hayo upo udanganyifu. Uliugua, nikaja kukutazama kila siku, nikakusudia kukwambia, nikashindwa. Ulipofariki nikajua nimechelewa, na ndiyo sababu nililia siku ile kuliko wanao, watu wakanishangaa.

Juzi, baada ya hitima yako, Zuhura alikuwa anakunja leso zako azigawe kwa dada zake. Nikamwambia yote. Akaweka leso chini akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia mliyozungumza nilipokwisha kuondoka na mkokoteni wangu. Alikuuliza kwa nini umebadili nia. Ukamjibu, "Wale walikuwa juu ya paa, nyuso zimekaribiana, kisha ng'ombe. Yuaniona mwari asiyejua mambo? Mimi nimezaa wanane." Na ukasema kwamba mwanamume aliyehangaika kiasi kile kukusitiri wewe aibu ya kitambo kidogo, mwanao yuko salama kwake.

Kisha ukamkanya, "Usimwambie kwamba najua. Ataona haya kuja kula kwangu."

Basi Ijumaa zote zile, Mama, nilizokaa kwenye jamvi lako na macho yangu sahanini, na wewe ukinisogezea kipande cha samaki kikubwa kuliko cha wanao, ulikuwa wajua. Mimi nilikusitiri dakika moja na nikaiharibu. Wewe umenisitiri miaka saba, mpaka umeingia kaburini na siri hiyo.

Mungu akulaze pema. Leo nimekula nikashiba.

Mkweo,
babake Amina na Salim