Idrisa, Salsa Imerudi Uwanjani

Ndugu yangu Idrisa,

Siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo naanza na za kwetu. Ulituacha wakati wa baridi kali, ile ya kuvaa sweta mbili. Sasa jioni ni za joto. Mvua za mwanzo zimeshuka kidogo, mahindi ya Endagikot yameota, na yule ng'ombe mwekundu uliyekuwa ukimwogopa amezaa ndama jike. Hayo ndiyo ungeyauliza kwanza. Halafu ungeniuliza kama nimefanya mazoezi.

Nimefanya. Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana haikuwa rahisi.

Siku presha ilipokuangusha kibandani kwako, mbele ya redio uliyokuwa umeifungua kuitengeneza, nilikuwa shambani. Nilipofika mjini walikuwa wameshakuosha. Vijana wa msikitini waliniachia nafasi nishike jeneza. Nilikuwa mrefu kuliko wote, likawa linaegemea upande. Nikakunja magoti kidogo, nikatembea hivyo hivyo hadi makaburini. Najua ungecheka.

Baada ya hapo hatukucheza tena salsa uwanjani. Hakuna aliyetukataza, tuliona tu haifai. Shemeji Mwajuma alikuwa ameingia eda, na nyumba yako iko pale pale nyuma ya soko, pembeni ya uwanja. Kila wimbo ungemfikia chumbani. Spika yako ilibaki kwako, imefunikwa shuka. Jumamosi nilikuwa nashuka mjini kama kawaida, nawakuta wenzetu wamekaa kwenye ule ukuta mfupi. Tunasalimiana, tunaulizana habari za mazao, jua likizama kila mtu anashika njia yake. Nikifika nyumbani Paulina wangu ananiuliza, "Leo mmefanya nini?" Namwambia tumekaa.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulirudi kutoka Arusha, ulikokuwa unafunga vyombo vya muziki hotelini, ukaleta spika ile na hiyo salsa yako, dansi ya kushikana wawili wawili. Ukawaambia watu uwanjani, "Hapa hakuna kiingilio. Mwenye miguu aje." Tukaja wanaume tupu. Akina mama walisimama mbali na vikapu vyao, wanacheka hadi wanashikana mabega. Ikabidi mwanamume mmoja akubali kushika upande wa mwanamke. Kila mmoja akarudi nyuma. Ukanitazama mimi, niliyekuja na mabuti ya shamba, ukasema, "Bura, wewe huna aibu, njoo."

Na kweli sikuwa nayo. Nikawa mwanamke wako, Idrisa, mimi niliyekuzidi kichwa kizima. Kila ukinizungusha ilibidi niiname nipite chini ya mkono wako kama mtu anayeingia banda la kuku. Nikipiga hatua ndefu ulikuwa unanifokea, "Hatua fupi, Bura! Hupimi shamba!" Hata wanawake walipoanza kuja, yule mwalimu wa chekechea na wenzake, wewe na mimi tuliendelea kufungua jioni pamoja. Watu walikuwa wanasubiri kuona hilo.

Basi. Shemeji akiwa ndani sikuweza kwenda kumwona, lakini Paulina alikuwa anampelekea maziwa. Jumamosi moja akarudi, akaweka kibuyu chini, akasema, "Baba Josefu, nimetumwa. Mwajuma anauliza mmemsahau mumewe mapema hivi?"

Nikavuta kigoda nikakaa.

Akanieleza yote. Kumbe kila Jumamosi jioni shemeji alikuwa anasogea dirishani kusikiliza. Alimwambia, "Nasikia mbwa tu. Miaka yote mume wangu yuko uwanjani na hao watu, na sasa hata wimbo mmoja hawana. Nilidhani walikuwa wanampenda." Paulina akajaribu kumfafanulia kwamba tulinyamaza kwa ajili yake, kwa heshima. Mwajuma akamkatiza. "Mwenye eda ni mimi. Uwanja hauko eda. Waambie waje wachukue spika."

Sisi tulidhani tunamhurumia, kumbe tulikuwa tunamwongezea upweke. Na yeye hakuweza kutoka nje atuambie.

Jumamosi iliyofuata tuliisukuma spika kwa mkokoteni hadi uwanjani. Tulimwagia maji vumbi, kama ulivyotufundisha. Wimbo ukaanza. Hakuna aliyesogea. Watu walisimama duara, wote wananitazama mimi. Nilitamani nirudi kwa ng'ombe wangu.

Paulina alikuwepo, amekuja kuona agizo alilolileta limetimizwa. Unamjua, yeye ni mtu wa kwaya. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Akavua kanga ya mabegani, akampa jirani, akaja mbele yangu. "Haya," akasema, "nishike." Nikainua mikono, naye akainua yake, tukasimama hapo kila mmoja anamsubiri mwenzake. Nikamnong'oneza, "Mama Josefu, mimi najua kufuata tu." Alicheka, na watu wote wakacheka, na mimi nikaanza kulia mbele ya mji mzima.

Halafu nikakumbuka mkono wako. Kabla hujanigeuza ulikuwa unanigusa mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Sikuwahi kufundishwa, lakini mgongo wangu ulikuwa unajua. Nikamgusa Paulina vivyo hivyo. Akageuka. Nikamgusa tena, akageuka upande wa pili, akarudi, wala hakukosea. Wenzetu wakaanza kuingia wawili wawili, na vumbi likapanda licha ya maji yote yale.

Tangu siku hiyo hatujakosa Jumamosi. Katekista wa kanisani kwetu bado anatutazama kwa jicho la pembeni, ila mke wake alikuja wiki iliyopita.

Eda ya shemeji imekwisha. Jumamosi hii alikuja, amevaa buibui lake, akasalimia kila mtu kwa jina. Akaniuliza, "Idrisa alikuwa anasimama wapi?" Nikamwonyesha, pale karibu na spika. Akaenda akasimama hapo hadi wimbo ukaisha, na sisi tulikuwa tunazunguka tukimpisha. Kisha akaniita. Nilijiandaa kumfariji, Idrisa, nilikuwa na maneno yangu tayari.

"Shemeji," akaniambia, "nyimbo ni zile zile kila wiki. Nimewasikia dirishani hadi nimechoka. Mimi sitacheza, lakini kuanzia leo nachagua mimi." Akavuta kigoda akakaa na simu yako yenye nyimbo mkononi, na jioni yote hakuna aliyethubutu kumwomba abadilishe.

Kwa hiyo pumzika, ndugu yangu. Mkeo hatabaki peke yake dirishani tena Jumamosi, hilo tunakuahidi mimi na Paulina. Na kila mwanamume mpya atakayekuja uwanjani, nitamfundisha kwanza kufuata.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi,
Bura