Nguzo ya Katikati

Jumatatu, 4 Machi

Bodi ya Pamoja tena. Mpango wa Uwekezaji wa Bonde la Yerrin — "Halmashauri Mbili, Moyo Mmoja"! Ndivyo bango linavyosema. Moyo mmoja, ila wenyeviti wawili, maana sisi wa mji wa Cauldmuir hatutaki kuongozwa na mji wa Wedderlaw, ng'ambo ya mto, na Wedderlaw heri wafe kuliko kuongozwa na sisi. Mabirika ya chai nayo mawili. Archie Turnbull, mwenyekiti wetu, hagusi birika la ng'ambo. Netta Oliphant, mwenyekiti wao, haumi biskuti mpaka ajue kaoka nani.

Asubuhi nzima imekwisha kwa kugombania jina la nani litangulie juu ya barua. Wakaafikiana kupokezana mwezi kwa mwezi. Wakapongezana kama waliomaliza vita. Mimi katibu nimeandika: "Wajumbe walibadilishana mawazo." Mawazo!

Suala la daraja halikufikiwa. Saa ya chakula ilifika kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Senga kapiga simu. Dada yangu huyu hajui salamu siku akiwa na hasira.

Duka lake la mikate liko mguuni pa daraja, upande wa Wedderlaw. Tangu mafuriko yalipopasua nguzo na daraja kufungwa, huu anaoumaliza ni msimu wa baridi wa pili bila wateja wa upande huu. Dirishani kwangu naona moshi wa tanuri lake. Lakini nikitaka chai yake lazima niendeshe gari karibu saa nzima, nizunguke mpaka daraja la Hawkshaw. Mto wenyewe hata jiwe lililorushwa na mtoto linavuka!

Sasa kapata wanunuzi. Mtu na mkewe kutoka Edinburgh, wanataka kulifanya duka nyumba ya mapumziko. Wanasubiri jibu kabla ya Pasaka, la sivyo wanatafuta kwingine.

"Nataka neno moja tu," akasema. "Daraja litafunguliwa au halitafunguliwa? Likifunguliwa, siuzi. Tanuri la mama siuzi. Wewe si ndiye unayekaa nao?"

Nikamwambia mambo ya bodi ni siri mpaka litoke tamko la pamoja.

"Siri! Daraja lina siri gani, Effie? Si lile pale, kila mtu analiona!"

Kakata simu. Ana haki.

Jumatatu, 11 Machi

Kizaazaa! Rory Dalgleish, mkurugenzi wa Mpango, kaingia uso mweupe. Fedha za serikali za kufungua daraja zisipotumika kabla ya mwisho wa mwezi zinarudi zilikotoka. Ghafla kila mtu analipenda daraja. Archie anasema ni mshipa wa bonde. Netta anasema amelipenda tangu utoto wake. Walikuwa wapi siku zote hizi?

Basi likaguliwe, lifunguliwe. Lakini akague nani? Mpaka unapita katikati ya mto. Kila kiangazi tunazunguka mipaka yetu kwa farasi, kama babu zetu, kuhakikisha jirani hajatumegea ardhi. Tukifika kwenye jiwe la mpaka katikati ya daraja, tunaligonga kwa bonge la udongo lenye nyasi, ndiyo desturi, tunageuza farasi. Hakuna kwato inayovuka. Nao wanafanya vilevile kwa upande wao.

Archie akakunja mikono: "Mhandisi wetu anaishia kwenye jiwe."

Netta naye: "Na wa kwetu hivyohivyo. Msidhani tunawatamani."

Kwa hiyo wahandisi wawili, nusu mbili. Bodi nzima ikaona hiyo ni busara.

Ijumaa, 15 Machi

Ripoti zimeletwa. Yetu: nusu ya Cauldmuir ni imara. Yao: nusu ya Wedderlaw ni imara. Makofi! Archie kakubali biskuti ya ng'ambo. Nimeishi kuona hayo.

Mimi, mdomo wangu huu, nikauliza: "Na nguzo ya katikati?"

 Si ndiyo iliyopasuka? Si ndiyo sababu daraja likafungwa?

Archie akakohoa. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mpaka unaikata nguzo katikati. Upande wetu ni nusu nguzo, na mhandisi hawezi kutia sahihi nusu nguzo.

"Tena tukiikagua sisi," Netta akadakia, "kesho mtasema tumeichukua."

"Kabisa," akasema Archie. "Na nyinyi mngesema hivyohivyo."

Wakatazamana kwa mapenzi. Miaka mitatu nawaandikia kumbukumbu, hili ndilo jambo la kwanza kukubaliana bila kupiga kura.

Rory akafunga mjadala: nusu nzima na nusu nzima ni daraja zima. Hesabu ya darasa la kwanza. Akaniomba niandike hivyo. Nimeandika. 

Jumamosi, 16 Machi

Nimezunguka Hawkshaw kwenda kwa Senga. Kanipa pai ya kondoo, ya moto, kabla sijavua koti. Dukani mteja mmoja tu, na huyo alikuja kuuliza njia.

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Lakini nimetia sahihi kiapo cha siri cha bodi, na wa kufukuzwa kazi ni mimi, si Archie. Nikasema: "Usikate tamaa. Ila usiwakatalie wale watu pia."

Akaniangalia sana. "Hilo ni jibu au kitendawili?"

Nikala pai nikiangalia sahani. Nimejionea aibu.

Jumanne, 19 Machi

Kikao cha sherehe. Utepe mmoja haukubaliki — nani ataukata? Basi tepe mbili, mikasi miwili. Mpiga zumari mmoja hakubaliki. Basi wawili, kila mmoja na wimbo wa mji wake. Wapige kwa zamu? Hapana, kwa zamu maana yake kuna wa kwanza. Watapiga kwa pamoja. Mungu tusaidie.

Wenyeviti watatembea kutoka kila upande na kupeana mikono juu ya jiwe. Wamepima urefu wa hatua zao ili wafike sawia. Netta ana miguu mifupi, kwa hiyo Archie ataagizwa atembee kama anayefuata jeneza.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimeelewa mchezo wote.

Tepe zikikatwa, daraja *linahesabiwa* limefunguliwa. Rory anatuma ripoti, fedha zinabaki. Halafu alasiri hiyohiyo vizuizi vinarudishwa mpaka nguzo ikaguliwe. Nguzo itakaguliwa na mhandisi wa pamoja. Mhandisi wa pamoja ataajiriwa na kamati ya pamoja. Kamati ya pamoja itaundwa halmashauri zote mbili zikiridhia. Na hizi, kwa zinavyoridhia mambo, wajukuu zetu ndio watakaovuka.

Nikauliza, wananchi wataambiwa lini?

"Tukikubaliana maneno ya tamko," akasema Rory.

Hawakukubaliana. Netta anataka "litafungwa kwa muda". Archie anataka "kwa muda mfupi". Saa mbili nzima kwa neno "mfupi"! Kikao kikavunjika, hakuna tamko lolote. Mwaliko wa sherehe, huo umeshakwenda redioni. Kuhusu mwaliko hawakugombana hata kidogo.

Liwalo na liwe. Namwambia Senga leo, kazi au si kazi.

Baadaye — hapokei. Leo siku yake ya kwaya. Nimeacha ujumbe: nipigie kabla hujawajibu wale watu. Ningeweza kusema yote kwenye ujumbe. Sikusema. Sauti iliyorekodiwa ni ushahidi, na mimi mwoga.

Jumatano, 27 Machi

Hajapiga. Nimempigia mara mbili. Kanuna, namjua.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika ndani ya gari, upande wetu wa daraja. Mvua.

Zumari mbili, nyimbo mbili, wakati mmoja! Mbwa wa mtu amekimbia na mpaka sasa hajarudi. Tepe zimekatwa. Archie akajikokota, Netta akakazana, wakafika kwenye jiwe pamoja, wakashikana mikono. Picha. Makofi kutoka kingo zote mbili. Kisha hakuna aliyetaka kuachia wa kwanza. Kugeuka kwanza ni kurudi nyuma! Wakasimama mvuani wakitabasamu, mikono imeshikana, mpaka Rory akahesabu moja, mbili, tatu, wakageuka pamoja.

Ripoti keshaituma. Kanionyesha kwenye simu, macho yanang'aa. Madaraja yaliyofunguliwa: moja.

Sasa wote wamekwenda kunywa supu, kumbi mbili. Na vijana wa barabara wanashusha vizuizi kutoka kwenye malori, wa kwetu huku, wa kwao kule. Hao hawakuhitaji kikao.

Simu. Senga! Anacheka. Tangu daraja lifungwe sijamsikia akicheka.

"Nisamehe mdogo wangu, nilikununia bure. Nimesikia redioni asubuhi, nikawapigia wale wa Edinburgh hapohapo. Nikawaambia watafute kwingine! Umeona? Na wewe na siri zako!"

Nikasema, "Senga, ngoja..."

Hangoji. Kawasha matanuri yote mawili. Kamwita tena yule msichana aliyempunguza kazi. Pai zimejaa mpaka juu ya kabati.

Namwona kutoka hapa. Kasimama mlangoni na aproni, simu sikioni, ananipungia mkono. Lori la kwao limemziba, vizuizi vyenyewe bado hajaviona.

Simu nimeilaza mapajani, naandika, maana nikiinyanyua lazima niseme. Sauti yake inatoka hukohuko chini, ndogo, ya furaha:

"Effie? Effie, upo? Magari yanaanza kupita saa ngapi?"