Laobani wa Sonata Yetu

Ambakisye ndugu yangu,

Sisi huku tupo, ila mdomo wangu umevimba, kutafuna siwezi. Nimepigana kwenye ibada yako. Usinicheke, na mwandiko uuvumilie, shule niliiacha darasa la tatu.

Mwili wako uliposafirishwa kwenda Tukuyu, tuliobaki Guangzhou tulikutana ukumbi wa hoteli kukuombea. Nikawaambia nitapiga ile sonata yetu ya fidla na kinanda, ile ya wazungu wa miaka mia mbili na zaidi iliyopita, waliovaa nywele za bandia. Wakanitafutia Mkongo mmoja, Papaa Fiston, akae kwenye kinanda mahali pako. Mahali pako! Nikakipiga teke kinanda chake kikaanguka. Nikasema muziki ule naubeba mimi, kinanda ni cha kujazia tu.

Basi nikapiga peke yangu. Ndugu yangu, wimbo haukuwepo. Nota moja ndefu, kimya, nota mbili, kimya tena. Watu wakaanza kukohoa. Mwita, yule mfungasha mizigo, akauliza, "Mzee, wimbo unaanza lini?" Nikamchapa upinde usoni mpaka ukavunjika. Akanirudishia ngumi ya mdomo. Viti vikaruka, picha yako ikakanyagwa.

Kesho yake nikaenda kwa yule mama Mchina wa duka la vinanda, aliyekuwa akituachia piano yake kila Jumamosi. Nilikwenda kumvunjia vioo, maana nilijua katuuzia kitabu kibovu cha nota, kurasa pungufu. Hakukimbia. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwenye simu, simu ikasema kwa Kiswahili, "Sonata ya kinanda. Fidla inasindikiza." Halafu akaigonga piano kwa kidole akasema mwenyewe, "Hii laobani." Bosi. Neno tunalowaitia wauza nguo kila siku, sikuhitaji mkalimani.

Nikapiga ngumi ukutani mpaka vidole vikatoka damu. Wewe kusoma ulijua. Nota zote ulinisomea wewe mpaka vidole vyangu vikashika. Ukurasa ule umeuona miaka minne, na kila tukianza unaniambia, "Tangulia, mkubwa, mimi nakufuata." Ukailegeza mikono yako ili mimi nisikike. Ungekuwa hai ningekupiga. Kweli ningekupiga, Ambakisye, halafu sijui.

Jana nimemfuata Fiston kule soko la nguo la Shisanhang, yuko kwenye kuchagua jinzi. Tangu nizaliwe sijamwomba mtu msamaha. Nikamwomba pale pale, katikati ya marobota. Akanitazama mdomo, akasema sawa, ila miguu yangu ikae mbali na kinanda chake.

Siku yako ya arobaini atatangulia yeye, mimi nitafuata chini chini. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, ndugu yangu. Na hao ulionao huko uwaambie mapema: Guangzhou nzima hakuna anayejua kusindikiza kama mimi.

Asumwisye