Majivu ya Baba kwa Akina Campbell

Catriona, nimekwisha. Majivu ya marehemu baba, aliyetaka yamwagwe kwenye ngome ya ukoo wetu, tumeyamwaga kwenye ngome siyo!

Tumeshuka feri, tukapanda milima, ukungu umetanda hatuoni hata kondoo barabarani. Kaka Ruaridh akaona magofu kando ya ziwa: "Ndiyo hii, dada, ngome yetu akina MacDonald." Nikamwaga. Upepo ukabeba yote.

Yote, Catriona!

Akatokea mzee na mbwa wake: "Poleni, Campbell wenzangu. Ngome yetu hii imepokea wengi."

Campbell wenzangu!! Na baba aligoma kuja harusini kwangu kwa kuwa naolewa na Campbell, ukoo hasimu wa MacDonald tangu enzi.

Ruaridh anapapasa nyasini na kikombe cha chai, eti ayachote majivu. Mvua imeanza.

Mama anapiga simu. Nimwambie mumewe kalazwa kwa wakwe zangu?